MSAMAHA WA KANUNI NA MPAKA WA JIRANI



Miongoni mwa karatasi zipitazo mikononi mwetu, zipo aina mbili ambazo kwa sura ni ndogo, na kwa matokeo ni kubwa kupita nyingi. Ya kwanza ni barua ya mtu aombaye asamehewe kanuni ya mahali alipo: kiwanja chake ni cha nyumba ya kukaa, naye ataka kufungua gereji, au kanuni yamtaka aache nafasi kati ya ukuta wake na njia, naye ataka kujenga hata ukingoni. Ya pili ni barua ya mtu aombaye mpaka wa kiwanja chake ubadilishwe: akigawe kimoja kiwe viwili, aviunganishe viwili viwe kimoja, au ausogeze mstari ulio kati yake na jirani. Barua hupokewa na kugongwa mhuri, faili hufunguliwa, ada hulipwa, stakabadhi huandikwa, na baada ya muda jibu hutoka. Yote hayo huweza kutendeka, na yule ambaye dirisha lake litaelekea ile gereji asijue neno hata siku asikiapo nyundo.

Neno letu ni hili: msamaha wa kanuni si mali ya aombaye, wala si mali ya afisi itoayo. Umekatwa katika haki ya watu wote waliojenga wakiitegemea kanuni ile. Kwa hiyo haifai utolewe kabla majirani hawajasikizwa, wala haifai utolewe pasipo sababu iliyoandikwa. Tena twasema ya kwamba sisi makarani, ingawa si sisi tukatao shauri, tunayo sehemu katika jambo hili ambayo hakuna mwingine wa kuitimiza badala yetu.

Yafaa kwanza tukumbuke asili ya kanuni zenyewe, maana wako wanaozidharau wakisema ni mabaki ya ukoloni, na maneno yao si ya uongo mtupu. Katika Dar es Salaam Wadachi walitoa amri ya majengo mwaka 1891, nayo iliugawa mji kwa namna ya nyumba: huku zijengwe nyumba za mtindo wa Ulaya tu, na kule zikubaliwe nyumba za miti na udongo. Waingereza walipoitwaa nchi hawakuuacha mgawanyo huo. Kukawa na Uzunguni, kukawa na Uhindini, na Waafrika wakawa Kariakoo na Ilala. Katika kitabu kanuni zilisema habari za majengo. Katika maisha zilisema habari za rangi. Na uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili uwe kitengo kati ya mitaa ya Waafrika na mitaa ya wengine.

Basi tazameni mambo yalivyogeuka. Uwanja ule ulioachwa ili watu watengwe, leo ndio mahali pa watu wa kila namna kukutana na kupumua, na mji uliouzunguka umejaa majengo hata hewa imekuwa adimu. Kama katika miaka yote iliyopita kungalitolewa ruhusa moja tu kila mwaka, leo ya duka, kesho ya ghala, keshokutwa ya maegesho ya magari, pasingalibaki hata nafasi ya kutandika mkeka. Nia mbaya ya waliouacha wazi imekwisha kufa pamoja nao. Faida ya uwazi wake ingali hai. Kwa hiyo hatusemi kanuni ni kitu kitakatifu. Twasema kanuni mbaya ibadilishwe mbele ya watu, na kanuni njema isiliwe gizani.

Nayo kanuni ya leo si ile ya zamani. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 ilichukua mahali pa amri ya mwaka 1956, na mamlaka ya kupanga imekabidhiwa halmashauri za majiji, manispaa na miji, ambamo wamo madiwani waliochaguliwa na watu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema ya kwamba ardhi yote ni ya umma, naye Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mwenye hati hapewi udongo awe mfalme juu yake. Hupewa haki ya kuutumia, kwa muda usiozidi miaka 99, na kwa masharti yaliyotajwa, ambayo mojawapo ni matumizi ya kiwanja. Neno "makazi" lililopigwa chapa katika hati si pambo. Ni ahadi kati ya mwenye kiwanja na umma, na jirani amejenga, amekopa, na pengine amestaafu akiitegemea ahadi hiyo.

Je, msamaha usiwepo kabisa? La, hasha. Kanuni hutungwa kwa viwanja vingi kwa pamoja, na ardhi haikuumbwa kwa rula. Kipo kiwanja cha pembe tatu; kipo kilichokatwa na mfereji wa maji; kipo ambacho nusu yake ni mteremko. Mwenye kiwanja cha namna hiyo akilazimishwa kushika kila futi ya kanuni, hatapata mahali pa kuweka hata chumba kimoja. Huyo astahili kusamehewa, na kumnyima ni ukatili uliovikwa nguo ya sheria.

Swali ni kipimo gani kimtofautishe huyo na mwenye tamaa. Hapa yafaa kutazama mbali kidogo. Mji wa New York, katika Marekani, ulitunga kanuni zake za kanda mwaka 1916, mwaka mmoja baada ya kumalizika jengo moja la ghorofa 38 ambalo kivuli chake kiliwanyima majirani jua. Kanuni zilipoenea katika miji mingine, Wizara ya Biashara ya nchi hiyo ilitoa, katika miaka ya 1920, mfano wa sheria wa kufuatwa na majimbo. Mfano ule ulikubali misamaha, lakini kwa mizani. Msamaha usipingane na faida ya watu wote. Uwepo kwa sababu ya hali ya pekee, ambayo ingeifanya kanuni imtie mtu katika taabu isiyo ya lazima. Na hata ukitolewa, nia ya kanuni ibaki imeheshimiwa. Tena ulitaka tangazo litolewe, wahusika waarifiwe, mkutano uwe wazi kwa watu, kura ya kila mjumbe iandikwe, na kumbukumbu ziwekwe afisini mahali ambapo kila mtu aweza kuzisoma. Wala tusidhani wenzetu wale walikuwa malaika: mji wa Louisville uliwahi kuweka amri ya kugawa mitaa kwa rangi za watu, hata Mahakama Kuu ya nchi yao ikaibatilisha mwaka 1917. Twautaja mfano wao kwa ajili ya mizani ile tu, maana ni mizani njema popote.

Tuwapime kwayo waombaji wawili. Wa kwanza ni mama mwenye kiwanja cha kona, ambacho mfereji wa mtaa umekata pembe yake. Aomba jiko lake lisogee mita moja kuelekea njia. Taabu yake imetoka katika ardhi yenyewe, na mita moja ile haimzibii mtu mwanga wala haizuii gari la zimamoto. Wa pili ana kiwanja kilichonyoka, sawa na viwanja vingine 20 vya mtaa huo, naye aomba nyumba yake ya makazi iwe ya kulala wageni, kwa kuwa kodi yake itazidi. Huyu hana taabu. Anayo hesabu, na hesabu yake ni njema kwake peke yake. Pengine mtaa mzima wapaswa kubadilika, maana miji hukua. Lakini hilo likiwa kweli, lipelekwe kama shauri la mtaa mzima, ramani ichorwe upya, maji taka na maegesho vifikiriwe, na watu wote wenye viwanja wapate haki ile ile. Haifai mmoja apate kwa faragha kile ambacho 20 wamezuiliwa.

Wazee walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Hakuna msamaha hata mmoja uliopata kuuharibu mji kwa siku moja. Wa kwanza hutolewa, na wa pili huja akiwa na nakala ya barua ya wa kwanza mfukoni, akiuliza mbona yeye anyimwe. Wa tatu haombi tena, hujenga tu. Katika mitaa ya Kariakoo, mahali pa nyumba za vyumba sita zilizokuwa na ua nyuma, sasa zimesimama ghorofa juu ya ghorofa, katika viwanja vidogo na njia zile zile. Hatusemi ghorofa ni dhambi. Twasema kila ghorofa ina choo chake, ina tangi lake la maji, ina watu watakaotaka kutoka siku ya moto. Na mambo hayo sharti yahesabiwe kabla, si baada.

Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka, na watu 36 wakafa. Habari zilizotolewa wakati ule zilisema ya kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa chache kuliko zilizojengwa. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine lilianguka Kariakoo, na waliokufa walizidi 20. Kila jengo huwa na sababu zake za kuanguka, nasi si wahandisi wala mahakimu. Lakini ni dhahiri ya kwamba mahali ambapo kanuni imezoea kupindwa, hakuna ajuaye kwa hakika iliyopindwa kwa haki ni ipi, na iliyopindwa kwa wizi ni ipi.

Tena ipo mipaka ambayo kwayo haifai hata kuanza kusema habari za msamaha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yazuia shughuli ambazo zaweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 toka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Mwezi wa Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha Dar es Salaam, bonde la Msimbazi likajaa, watu zaidi ya 40 wakafa, na wengi waliookoka wakahamishiwa Mabwepande. Maji hayakuuliza nani ana hati na nani hana. Karani akiona ombi la kupunguza mita hizo asilione kama ombi la kawaida la ukuta na dirisha, kwa kuwa mto hausomi faili.

Sasa tuje kwenye mipaka ya viwanja. Hapa watu wengi hukosea wakidhani ni jambo la watu wawili tu: wewe wakubali, mimi nakubali, basi bikoni ihamishwe. Bikoni ni chuma kilichoshikwa kwa saruji, chenye alama zake. Lakini mpaka wenyewe haukai katika chuma. Wakaa katika ramani ya upimaji, ambamo mahali pa kila bikoni pameandikwa kwa tarakimu, na ramani hiyo huwekwa ili hata bikoni iking'olewa usiku, mpima ardhi aweze kurudi na kuionyesha mahali pake. Kwa hiyo ang'oaye bikoni ajisumbua bure, maadamu karatasi ni salama. Hatari kubwa zaidi ni ya yule aibadilishaye karatasi, maana baada yake hakuna wa kurudi kwake.

Mstari ukisogea, walio na sehemu ndani yake si wawili. Yuko aliyezoea kupita katika kichochoro kile kwenda kisimani au msikitini. Iko benki iliyokopesha kwa rehani ya kiwanja kizima, si kiwanja pungufu. Wako warithi walio mbali. Na yuko mke, ambaye mara nyingi jina lake halimo katika hati ingawa jasho lake limo katika matofali. Sheria yetu ya ardhi yataka ridhaa ya mwenzi katika kuiweka rehani nyumba ya ndoa. Basi akili yatuambia ya kwamba kipande cha ua wa nyumba hiyo kikitolewa kwa jirani milele, mwenzi huyo yafaa aulizwe vile vile. Karani aulizaye swali hilo moja dirishani, "Mama wa nyumbani anayo habari?", huenda akaiepusha kesi ya miaka kumi.

Wala mfano mwema haupo mbali. Katika urasimishaji wa makazi yaliyojengwa bila mpango, kazi ambayo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imeiwekea njia, mipaka haianzi mezani. Wenye nyumba hutoka nje na mpima, mjumbe na wenzao wa mtaa wakiwapo. Kila mmoja huonyesha ukomo wake, na jirani hukubali au hukataa papo hapo mbele ya mashahidi. Hapo ndipo watu hutoa futi mbili tatu za ua wao ili ipatikane njia ya kupitisha jeneza na gari la wagonjwa. Kazi hiyo ina matatizo yake, na magomvi yake hayakosekani. Lakini imeonyesha ya kwamba watu wasiojua kusoma ramani wajua vizuri mno mahali mpaka ulipo, wakiulizwa. Ni ajabu basi ya kwamba katika mitaa iliyopimwa, ambako kuna hati na mhuri, jirani huulizwa kidogo kuliko yule wa mtaa usiopimwa.

Hapa, ndugu zetu, ndipo ilipo kazi ya karani. Twalijua sote lile tangazo libandikwalo: "Kiwanja Na. kadha, Kitalu kadha, mabadiliko ya matumizi toka makazi kuwa makazi na biashara. Mwenye pingamizi alete." Nani katika mtaa ajuaye namba ya kitalu cha jirani yake? Watu hupajua mahali kwa mashine ya kusaga, kwa mwembe, kwa nyumba ya marehemu fulani. Na tangazo likibandikwa ubaoni mwetu tu, katikati ya orodha ya zabuni na majina ya walioitwa kazini, limetimiza sharti nalo halijamwarifu mtu. Aliyeliandika hakusema uongo. Lakini tangazo lisilosomeka ni ndugu ya siri. Kuongeza maneno manane, "nyuma ya mashine ya kusaga, barabara ya shule", hakuhitaji kibali cha mkubwa yeyote. Kwahitaji karani aliyekaa na kumfikiria asomaye.

Hali kadhalika kumbukumbu za mikutano. Mara nyingi neno liandikwalo ni moja: "Imekubaliwa." Imekubaliwa kwa nini? Nani alipinga, na alijibiwa nini? Miaka mitano baadaye jirani akileta kesi, faili hufunguliwa, na neno hilo moja hukaa pale kama jiwe, halisemi. Wakubwa waliokata shauri wamekwisha hamishwa. Abakiye ni karani ambaye jina lake lipo katika daftari la mafaili, naye ndiye aitwaye kueleza. Mali bila daftari hupotea bila habari, na heshima ya karani ni mali.

Twayajua majibu tutakayopewa. Wa kwanza atasema, kuwasikiza majirani kwachelewesha maendeleo. Twamjibu ya kwamba siku 30 za kusikiza ni chache kuliko miaka ya zuio la mahakama, na jengo lililosimamishwa nusu halimletei mtu kodi. Wa pili atasema, majirani ni wenye wivu, watapinga kila kitu. Ni kweli wivu upo. Lakini kusikizwa si kutiiwa. Jirani aulizwe adhara yake ni ipi: mwanga, upepo, maji, njia, kelele, usalama wa watoto. Akiitaja, ipimwe; akiwa hana ila chuki, iandikwe kwamba hakuwa na sababu, na msamaha utolewe kwa roho nyeupe.

Wa tatu atasema jambo zito zaidi: ya kwamba ukali wa kanuni humwumiza maskini, ambaye hana kwa kwenda, na kwamba tajiri hupata apendalo kwa vyovyote. Hoja hiyo twaiheshimu. Lakini tuitazame vema. Katika mambo yafanywayo kwa siri, nani hushinda? Ni yule awezaye kuja afisini mara kumi kwa gari lake, awajuaye wakubwa kwa majina yao ya utani. Maskini hana siri ya kutumia. Silaha yake ni tangazo, kanuni na shahidi. Mama yule wa kiwanja cha kona atashinda mbele ya watu, maana kila mtu auona mfereji wake. Kwa hiyo uwazi haumnyimi maskini huruma. Waondoa tu huruma kwenye soko.

Wa nne atakuwa mmoja wetu, naye atasema, "Sisi ni makarani tu, twaandika tuambiwayo." Ndugu, si kweli kwamba twaandika tu. Ni sisi tuamuao faili lipi liwe juu na lipi likae chini. Ni sisi tuandikao tangazo. Ni sisi tumjibuo mzee ajapo dirishani na kuuliza habari za ukuta ulioinuka mbele ya mlango wake, tukimwambia "njoo kesho" au tukimfungulia daftari. Cheo chetu ni kidogo, lakini hakuna msamaha wa siri uliopita pasipo karani aliyeyafumba macho.

Kwa hiyo twaleta mbele ya Chama mashauri haya matano, ili matawi yayazungumze:

Kwanza, kila tangazo la mabadiliko ya matumizi au ya mpaka litaje, pamoja na namba ya kiwanja, jina la mahali kama watu walijuavyo. Nalo libandikwe penye kiwanja chenyewe na penye afisi ya Serikali ya Mtaa, si ubaoni mwetu tu.

Pili, kila mwenye kiwanja anachopakana nacho mwombaji apelekewe barua kwa mkono, na kupokea kwake kuandikwe katika daftari la kupelekea barua. Na sahihi ya kupokea barua isigeuzwe kamwe kuwa sahihi ya kukubali. Hila hiyo ifahamike na ikomeshwe.

Tatu, waandishi wa kamati waombe, kwa adabu lakini bila kuchoka, sababu ya kila uamuzi, nao waiandike: taabu ya mwombaji ni ipi, pingamizi lilikuwa lipi, lilijibiwaje.

Nne, liwepo daftari moja la misamaha, lililopangwa kwa mitaa, ambalo mwananchi yeyote aweza kulisoma saa za kazi. Na msamaha wa mwaka huu usomwe pamoja na ule wa mwaka jana wa mtaa huo huo, ili wakata shauri waone buyu limebaki na asali kiasi gani.

Tano, karani ambaye ni jamaa, mdeni au jirani wa mwombaji asilishike faili hilo, bali aliarifu na kumpa mwenziwe.

Mashauri haya hayataki fedha nyingi wala sheria mpya. Yataka karatasi, gundi, daftari, na watu wenye kuionea haya kazi mbaya. Wala tusingoje mpaka tuamriwe, maana mengi kati yake yamo mikononi mwetu tangu asubuhi hii.

Tukumbuke mwisho ya kwamba sisi nasi ni majirani. Jioni tutokapo afisini twarudi kwenye nyumba zenye ukuta, dirisha na kichochoro. Na katika afisi nyingine, ya mtaa tusioujua, liko faili jembamba lenye namba ya kiwanja kinachopakana na chetu. Twatamani karani alishikaye alifanyie nini? Basi nasi tuanze kulifanya hilo kwa faili lililo mezani mwetu. Tawi litakalokuwa na neno la kuongeza au la kupinga, lituletee kwa maandishi kabla ya mkutano mkuu, ili nalo lisomwe mbele ya wote.